Swali la Sinia

Kitu kimoja tu Ramli haikuwahi kukiweza: mipira midogo ya plastiki inayorushwarushwa na feni ndani ya pipa la kioo. Mashine iliyoweza kumlaza binti wa miaka kumi na tisa, ikapekua kano na gegedu za magoti yake, kisha ikakuambia ataanguka mwezi gani, ilikuwa haina la kusema kuhusu mpira wa plastiki wenye nembo ya timu. Ndiyo maana Ligi iliubakiza ule mchezo wa bahati nasibu wa kupanga timu ipi iteue vijana wapya kwanza. Watu wanahitaji kubakiziwa kitu cha kuombea dua.

Basi nilikuwa nimeketi Dodoma, safu ya mbele, ndani ya koti la sufu, kwenye ukumbi wenye joto la kukaanga mayai. Mimi ni Lusungu Chengula, meneja wa Kipupwe ya Iringa, timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, na mashabiki wetu hawatanielewa nikionekana kwenye runinga bila koti. Misimu mitatu mfululizo tulikuwa tumeshika mkia. Tulisema tunajenga upya. Watu wa Iringa walilichoka neno hilo mpaka wakawa wananisimamisha sokoni na kuniuliza, "Meneja, tofali la kwanza linawekwa lini?"

Nilikuwa nimetoa kila mchezaji mwenye thamani, nikapokea machaguo, yaani haki ya kuteua vijana wapya siku za usoni. Nilipokea pia wachezaji ambao hakuna aliyewataka, alimradi wanakuja na chaguo mkononi. Mmoja wao alikuwa Tusekile Mwambene, mfungaji mkongwe wa Mzizima ya Dar es Salaam. Ramli ilionyesha kwamba goti lake linaelekea ukingoni, na kwa kuwa mameneja wote huona vipimo vya wachezaji wote, Mzizima hawakupata mnunuzi. Wakatuomba tumchukue, na kwa shukrani wakatuongezea chaguo walilokuwa wamelipata kutoka timu ya Mbeya. Ndiyo biashara yetu: ukinibebea takataka zangu, nakupa nauli. Tusekile mwenyewe aliambiwa kwamba Iringa inahitaji dada mkubwa wa kulea wasichana. Akaja, akawalea kweli.

Feni ikavuma. Mpira mmoja ukapanda bombani, msichana mwenye glavu nyeupe akaudaka na kuuonyesha kwenye kamera. Nembo ya Mbeya.

"Chaguo la kwanza," mtangazaji akasema. "Ni la Mbeya, lakini linamilikiwa na... Kipupwe ya Iringa!"

Kocha Mgimwa, aliyekuwa kando yangu, ni mtu mzima mwenye wajukuu. Alinikumbatia mpaka kifungo cha koti kikachomoka. Chaguo lililokuja na goti la Tusekile ndilo lililokuwa la kwanza nchi nzima, na wote tulijua jina la binti atakayeteuliwa nalo.

*

Jina rasmi la Ramli ni refu na lina neno "makadirio" ndani yake. Hakuna anayelitumia. Ni kitanda chembamba kinachoingia kwenye duara jeupe, na kazi yake ni kulinganisha. Huchukua mwili ulio mbele yake, ikaupambanisha na kumbukumbu za maelfu ya wachezaji waliopita, jinsi walivyoruka, walivyotua, walivyolala, walivyoumia. Kisha huchora mstari. Mstari ukipanda, mchezaji anakua. Ukilala, amefika. Ukishuka, anza kutafuta mtu wa kumuuzia.

Mameneja wanauona mstari. Wamiliki wa timu wanauona. Mchezaji ndiye pekee asiyeruhusiwa kuuona.

Mwaka wa kwanza walikuwa wakionyeshwa. Wengine walivua viatu wakarudi nyumbani siku hiyohiyo. Wengine walikaa na kudai mikataba inayolingana na ukweli, na hilo ndilo lililowaudhi wakubwa. Baraza la Ligi likapitisha kanuni: kumwambia mchezaji mstari wake ni kosa, adhabu yake meneja kunyang'anywa leseni. Waliandika kwamba ni kwa ajili ya kumlinda mchezaji. Nimeona wengi wakilindwa namna hiyo, na sijawahi kumwona aliyenufaika.

Kabula Ndaki aliingia chumba cha Ramli akiinama ili asigonge kichwa mlangoni. Alijifunzia mpira Kahama, kwenye kiwanja cha saruji nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na alikuwa na kile kikohozi kidogo cha watu waliokulia kwenye vumbi la pumba.

"Shikamooni," akatuambia, sisi mameneja tuliopangwa nyuma ya kioo kama wanunuzi mnadani. Akajilaza. Miguu ikapita mwisho wa kitanda kwa kiasi cha kumfanya mtaalamu wa mashine aende kuleta stuli ya kuiegemeza. Kabula akacheka, akauliza kama anaruhusiwa kuimba. Akaambiwa hapana.

Mstari ukaanza kujichora kwenye skrini yetu. Ulipanda. Niliwahi kuiona mistari ya mabingwa, na huu uliipita yote, ukaendelea kupanda mpaka mtu nyuma yangu akapiga mluzi. Halafu, kabla ya msimu wa kwanza kwisha, ukakatika. Haukushuka kidogokidogo kama mingine. Ulikatika tu, na chini yake yakatokea maneno mawili: goti, kushoto.

Mtaalamu aligeuka akamtazama Kabula. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Nilimwona binti naye akimtazama.

*

"Dada Lusungu," Shaweji akanidaka ukumbini nje. Yeye ni meneja wa Mzizima, mtoto wa Pwani mwenye ulimi wa asali, na kanzu yake haijawahi kuwa na mkunjo. "Nakupa machaguo matatu ya raundi ya kwanza. Na mabinti wawili wenye mistari mirefu mpaka uchoke kuitazama. Wewe mteue Kabula, kisha nikabidhi mimi."

"Umeuona mstari wake."

"Nimeuona. Mimi nahitaji msimu mmoja tu. Timu yangu imekamilika, imepungukiwa senta, mrefu wa chini ya kikapu. Wewe unahitaji miaka. Kila mtu anapata chake."

"Na yeye anapata nini?"

"Kombe, dada. Na matibabu mazuri baadaye."

"Matibabu ya goti ambalo hajui kwamba litakatika."

Shaweji akafungua mikono. "Sheria sikuitunga mimi."

Ilikuwa ofa nzuri, nisikudanganye. Tukishika mkia mara ya nne, kanuni zinasema leseni ya timu inahamishiwa mji mwingine, na Iringa inabaki na ukumbi mtupu. Kwa machaguo matatu na mabinti wawili ningeijenga Kipupwe ikasimama miaka kumi. Kocha Mgimwa alinieleza hayo yote ndani ya basi tukirudi, kwa upole, akinimenyea machungwa.

"Mwite tu kwa simu siku ya Uteuzi, umwambie anakwenda Dar," akasema. "Hajawa wetu bado. Hahitaji sinia."

"Kocha, tangu lini Kipupwe inamtoa mtu bila kumlisha?"

Akarudi kwenye machungwa yake. Alijua alichokuwa anaomba.

*

Timu yetu ilianzishwa na mpishi wa shule ya bweni, mama mmoja mkali aliyeamini kwamba mtu akila nawe hawezi kukudanganya vizuri. Yeye ndiye aliyeweka desturi ya sinia. Mchezaji anayeingia Kipupwe na anayetoka hula sinia moja na meneja, kwa mkono, mbele ya wenzake wachache. Kipande cha mwisho cha nyama kikishagawanywa, mchezaji anauliza swali moja, na meneja analijibu bila kukwepa. Wengi huuliza watacheza dakika ngapi. Mmoja aliniuliza kama mume wangu alinikimbia au nilimfukuza. Nilijibu.

Tusekile alipofika kutoka Dar, meno yakigongana kwa baridi ya mwezi wa sita, aliuliza, "Samahani, mablanketi yapo?" Nikajibu yapo. Swali likawa limekwisha. Wasichana walicheka hadi wakagaragara, na hadi leo akikosea pasi wanamwambia akajifunike.

Kuhusu mistari yao hakuna aliyewahi kuuliza. Wachezaji wana adabu ya ajabu juu ya jambo hilo. Wanaliogopa jibu, na wanamhurumia meneja atakayepoteza kazi.

Kabula alifika Gangilonga, kwenye ukumbi wetu wa mazoezi, mchana wa Jumapili. Nilipika mwenyewe: ugali, kuku wa kienyeji, na mboga ya maboga yenye karanga. Tulikuwa wanne kwenye mkeka katikati ya kiwanja, mimi, Kabula, Tusekile na Kocha Mgimwa, chini ya kikapu. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba huenda akala hapa na kulala Dar. Nilikuwa nimejisemea kwamba hayo yatatosha. Binti alikula vizuri, akasifia kuku, akaniita mama bila kulazimishwa, na kila aliponiita hivyo nilimsogezea nyama nyingine.

Nikagawanya paja la mwisho.

"Dada Tusekile ameniambia kuna swali moja," Kabula akasema, akifuta midomo. "Amenionya nisiulize blanketi."

Tukacheka, hata Kocha.

"Basi mimi nauliza hivi. Siku ile kwenye mashine, yule mtaalamu aliniangalia. Nyumbani tunamwangalia hivyo mbuzi wa sikukuu. Mama, aliona nini?"

Kocha Mgimwa aliita jina langu taratibu. Tusekile aliacha kulamba vidole.

Nilikasirika. Sikumkasirikia yeye. Niliwakasirikia wote waliopita kwenye chumba kile cha kioo kabla yangu na baada yangu, na Shaweji na mikono yake mitupu, na mimi mwenyewe niliyepika kuku mzuri namna ile ili nimfiche mtoto wa watu kitu kilichomo ndani ya mguu wake mwenyewe. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka.

"Aliona kwamba hajalala pale mchezaji bora kuliko wewe," nikasema. "Na aliona goti lako la kushoto likikatika kabla msimu wako wa kwanza haujaisha."

Kabula alilitazama goti. Akalibonyeza kwa kidole gumba, pande zote mbili.

"Hili?"

"Hilo."

"Mbona haliumi?"

"Bado halijui."

Machozi yalimjaa, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta. Kisha akasema, "Swali langu nimelimaliza."

"Uliza mengine yote mwanangu. Leo sinia halina mlango."

Basi akauliza, nami nikajibu. Nilimweleza kwamba Ramli hudhani atachezeshwa kama nyota wote wanavyochezeshwa, mchezo mzima, kila mchezo, akiruka mpaka kengele ya mwisho. Nilimwambia kuhusu Shaweji na ofa yake, na kwamba Mzizima wanajua, na bado wangemchezesha hivyohivyo. Na nilimwambia jambo ambalo mameneja hatulisemi hata wenyewe kwa wenyewe: maelfu ya wachezaji waliomo kwenye kumbukumbu za ile mashine, karibu wote hawakuwa wanajua. Walitua ovyo kwa sababu hawakujua. Walicheza na maumivu kwa sababu waliambiwa ni uchovu. Ramli imesomea kwa watu waliofichwa.

"Kwa hiyo mimi ninayejua," Kabula akasema polepole, "hainijui."

"Inakujua kidogo sana."

"Kama ile mipira ya kwenye pipa."

"Kama ile."

Niliwatazama wawili waliokuwa na magoti ya kuzungumziwa pale mkekani, na kuhusu mmoja wao nikanyamaza. Tusekile aliinuka kukusanya vyombo. Alinitupia jicho moja tu. Nilijua swali lililomjia, na nilijua hataliuliza, kwa sababu lake alishalitumia. Desturi ikishakuingia damuni ndivyo inavyokutesa.

"Meneja," Kocha Mgimwa akasema, "akisema neno moja nje ya ukumbi huu, leseni yako imekwenda. Timu itafuata."

"Timu ambayo lazima imvunje mtu ndipo ibaki Iringa, acha iende. Nitaibebea hata mabegi."

"Unasema hivyo kwa sababu una hasira."

"Ndiyo! Na kesho nitakuwa nayo tena, utaona."

Kabula alikuwa bado ameshika goti. "Mimi nataka kucheza," akasema. "Kahama kuna mabinti watano wanaoruka kama mimi, mama. Nikienda Dar kimya, mwakani Mzizima watamnunua mmoja wao kimya. Niteueni hapa. Lakini siku hiyo, mbele ya watu wote, mseme mstari wangu. Anayenitazama ajue anatazama nini."

"Utasema wewe au mimi?"

"Nikisema mimi?"

"Wanakufungia. Mchezaji akiutamka mwenyewe, kosa ni lake."

"Na ukisema wewe?"

"Nina miaka hamsini na mbili. Wataniondolea nini, ujana?"

Kocha Mgimwa alikuwa ameinamia sinia, na kwa kidole chake alikuwa anachora kwenye mchuzi uliobaki. "Robo ya kwanza," akajisemea. "Apumzike ya pili na ya tatu. Arudi ya nne. Asiruke kwenye mipira iliyokwisha potea. Tutapoteza michezo kadhaa." Akafuta, akachora tena. "Lakini siyo yote."

*

Siku ya Uteuzi timu zote hukusanyika Dodoma na wachezaji wao, kila timu na safu yake, ili vijana wapya wapokelewe na wenzao. Nilivaa koti langu. Kabula alikaa na wateuliwa wenzake, mbele, mikono juu ya mapaja. Tusekile alikaa na wasichana wetu, ameinyoosha miguu yake mirefu kwenye njia ya kupita, na kila aliyepita alimruka.

Shaweji alinivizia nyuma ya pazia.

"Machaguo manne," akasema. "Sijawahi kumpa mtu manne. Mwenyekiti wangu ataning'oa meno."

"Mwambie aanze na ya mbele."

"Dada yangu, nakuheshimu. Una uchungu na binti, nakuelewa. Lakini mstari hauna huruma. Utamweka benchi, utapoteza michezo, utapoteza timu, na goti litakatika vilevile. Utakuwa umemwokoa nani?"

Hilo lilinichoma kwa sababu huenda lilikuwa kweli. Nilimwambia tu, "Sijasema namwokoa. Nimesema simfichi." Nikampita.

Mtangazaji akaita Iringa. Nikapanda jukwaani. Taa zilikuwa kali, na kwa mbali niliwaona wasichana wetu wakipunga skafu.

"Kipupwe ya Iringa inamteua Kabula Ndaki, wa Kahama," nikasema, na ukumbi ukalipuka. Kabula alisimama. Alipandisha gauni lake refu mpaka juu ya goti la kushoto, akalishikilia hapo, watu wakadhani ni madoido ya ujana, wakazidi kushangilia.

Nikasubiri watulie.

"Mstari wake unapanda kuliko wowote uliowahi kuchorwa," nikasema. "Na unakatika kabla msimu haujaisha. Ni hilo goti analowaonyesha. Yeye anajua, nimemwambia mimi kwa kinywa changu. Kila meneja aliyemo humu anajua pia, na kuna aliyenipa machaguo manne ili akalimalizie Dar."

Kipaza sauti kikazimwa. Ningeshangaa kisingezimwa. Lakini mimi nilicheza kikapu nafasi ya gadi miaka kumi na tano, nimeongoza mchezo kwenye kumbi zenye ngoma, tarumbeta na mvua juu ya bati. Sijawahi kuhitaji umeme ili nisikike.

"Atacheza kwetu!" nikapaza sauti. "Atacheza robo mbili, anajua kwa nini, na siku atakayotaka kuacha ataacha! Na mchezaji yeyote wa Kipupwe anayetaka kujua wake, aniulize, kabla hawa jamaa hawajanifikia!"

Kwa sababu walinzi walikuwa wameanza kupanda ngazi. Mjumbe wa Baraza alikuwa anapunga mikono kwa watu wa kamera. Hapo nikasikia kiti kikisukumwa.

Tusekile alikuwa amesimama kwenye njia ya kupita. Alisimama kwa adabu, mikono nyuma, vilevile alivyosimama siku ile ya baridi.

"Meneja," akaita. "Swali langu nililimalizia kwenye blanketi. Naomba lingine."

Mlinzi wa kwanza alinishika mkono wa kulia. Hakunivuta. Nadhani naye alitaka kusikia.

"Uliza, mwanangu."

"Wangu unaishia wapi?"

Nilikuwa nimelibeba jibu lile msimu mzima, asubuhi nikimwona akipasha misuli, jioni nikimwona akicheka, na nililiogopa kuliko la Kabula, kwa sababu huyu nilikuwa nimemzoea, nampenda.

"Uliisha mwaka jana," nikasema. "Ramli ilisema hutauona huu. Mzizima walijua. Hawakukuleta kulea mtu, Tusekile. Walikutupa, na wakatupatia sisi chaguo moja ili tukuokote. Kwa kuwa tulikuwa tunajenga, tulichezesha wadogo, wewe ukakaa sana benchi ukinung'unika. Umemaliza msimu mzima ambao hiyo mashine haiujui."

Tusekile alijitazama miguu. Aliuinua mmoja, akaukunja, akaunyoosha. Alipopandisha uso ulikuwa umelowa wote, lakini alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha puani.

"Na hilo chaguo walilonitupa nalo ndilo hili la leo?"

"Ndilo hili."

Aligeuka kwa wasichana wa Kipupwe, akafungua mikono.

"Haya, nendeni mkawaambie sokoni," akasema. "Tofali la kwanza ni mimi."

Kabula ndiye aliyeanza kupiga makofi, gauni likiwa bado limeshikwa kwa mkono mmoja, akijipiga pajani kwa ule mwingine. Wasichana wetu wakafuata. Mlinzi wa pili akanishika mkono wa kushoto na sasa wakaanza kunivuta kweli, nami nikaenda, kwa sababu nilikuwa nimemaliza. Mjumbe wa Baraza aliniambia leseni yangu imefutwa tangu dakika ile. Nikamwambia koti silitoi.

Tulikuwa tumefika ngazi ya mwisho niliposikia kiti kingine. Safu ya Mzizima. Nahodha wao, mwanamke aliyetwaa makombe mawili na picha yake kwenye mabango ya Dar nzima, alikuwa amesimama, na hakuwa ananitazama mimi.

"Kaka Shaweji," akasema, kwa heshima zote. "Na wangu?"

Shaweji akafungua mikono yake, akaikunja, akatazama mlango. Nyuma ya nahodha akasimama mwingine wa timu ileile. Kisha Tanga. Kisha Mwanza, safu nzima kwa pamoja. Walinzi wakaniachia, sijui ni nani aliyewaambia, na nilipogeuka ukumbi wote ulikuwa umesimama, na kila timu ilikuwa inamtazama meneja wake.